Ajali za mashine viwanda vya plastiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (vidole, kuungua, krasha, na hela za fidia)

Hii nimeiandikia opereta, mafundi, vibarua wa kufungasha na ndugu zao, maana mara nyingi anayeuliza ni mke au kaka wa mtu ambaye tayari yuko wodini. Mimi ni fundi wa mashine za plastiki Dar, kwahiyo mifano mingi ni ya huku, ila Kenya nimeigusa na walioko Marekani pia wana swali lao huko chini.

Hivi mashine ipi ndo inaumiza watu sana?

Ukiuliza kiwandani wengi watakutajia injekshen, ile inayotoa ndoo, mabeseni, viti na vifuniko. Na kweli inatisha. Ukisikia mashine ya tani 300 maana yake moldi, lile umbo la chuma linalotengeneza bidhaa, inabanwa kwa nguvu ya tani 300, mkono ukiwa katikati hapo hakuna cha kuvunjika, unasagika. Halafu watu wanajipa moyo na ile mold protekshen, ati mashine ikihisi kitu inarudi nyuma. Ile imewekwa kulinda moldi isiharibike na bidhaa iliyonasa, haikuwekwa kulinda mkono, usiitegemee hata siku moja.

Ila kuna nyingine ambazo watu wanazidharau. Krasha, yaani ile ya kusaga mabaki na bidhaa mbovu zirudi kuwa chenga. Blo ya chupa na madumu, ambayo moldi yake inafungwa kwa upepo na inafunga haraka kuliko unavyoweza kutoa mkono. Rola za mashine ya nailoni, zile mbili zinazokutana kule juu na pale kwenye kukunja roli. Na miksa kubwa ya PVC ya watu wa mabomba, ina mapanga ndani na inazunguka kwa spidi kali.

Mbona watu wanaumia wakati mashine imesimama?

Hili ndo swali zuri kuliko yote humu. Mashine ikiwa inafanya kazi vizuri opereta hana sababu ya kuingiza mkono, inafungua, inatema, inafunga, yeye anakata mikia na kupanga. Shida inaanza ikigoma. Bidhaa imenasa kwenye moldi, nozo (mdomo unaotoa plastiki ya moto) inavuja, krasha imejaa, rola imekula nailoni. Hapo ndo mkono unaingia, na "imesimama" inaweza kuwa na maana nyingi. Inaweza kuwa iko kwenye oto inasubiri sensa moja tu isome halafu iendelee na saiko, yaani mzunguko wake wa kazi. Inaweza kuwa pampu imezimwa ila akyumuleta, tangi la kutunza presha ya oili, bado ina presha ndani, au upepo bado umebaki kwenye silinda ya blo. Inaweza kuwa mota ya krasha imezimwa ila rota yenye visu bado inazunguka. Au inaweza kuwa imezimwa kabisa kabisa, ila wewe uko nyuma unatoa kitu na mwenzako mbele hakuoni, anafunga mlango anabonyeza stati.

Kwahiyo ukisikia mtu kakatwa na mashine ya plastiki, kabla hujauliza alikuwa anatengeneza nini uliza alikuwa anazibua nini.

Kwetu swichi ya mlango wa injekshen imefungwa, mashine inakimbia mlango ukiwa wazi. Kuna tatizo? Mbona inaongeza spidi

Kuna tatizo kubwa. Ngoja nieleze ule mlango unavyofanya kazi maana wengi hawajawahi kuelezwa, wameambiwa tu "fungua toa funga".

Mlango wa mbele kwenye mashine nyingi za haidroliki, zile zinazoendeshwa na presha ya oili, una ulinzi wa aina tatu. Kuna swichi za umeme, mlango ukifunguka zinakata amri ya kufunga moldi. Kuna valvu ya haidroliki inayosukumwa na mlango wenyewe, ukifungua inazuia oili isiende kwenye silinda ya kufungia. Na kuna chuma, ile bawa inayoanguka mbele ya pleti inayotembea mlango ukiwa wazi, ili hata umeme na oili vikikosea vyote chuma kizuie. Vimewekwa vitatu kwasababu kimoja kinaweza kufa bila mtu kujua.

Sasa nikwambie ninachokikuta. Swichi imebanwa na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, au waya wa shaba umezungushwa mara mbili kwenye kile kimkono chake, na ukiangalia vizuri waya umeshaota vumbi na grisi, yaani sio wa leo wala jana, shifti zimepokezana nao. Bawa la chuma nalo limefunguliwa bolti limewekwa juu ya kabati ya umeme ati linagonga gonga. Hapo ulinzi wote uliobaki ni macho ya opereta, saa tisa usiku, na yuko saa ya tisa ya shifti ya saa kumi na mbili.

Na hiyo spidi unayoisema ni sekunde mbili tatu kwa kila saiko. Kama kiwanda kinategemea hizo kufikisha tageti basi tatizo ni tageti au ni moldi yenyewe haipoi vizuri, mwambieni fundi aangalie maji ya kupoozea kwanza. Mara nyingi saiko ndefu inatoka hapo, njia za maji zimeziba kutu na hakuna aliyezisafisha tangu moldi ifike.

Na mlango wa nyuma?

Ufungwe na uwe na swichi zake. Kwenye mashine kubwa ambazo mtu anaweza kuingia mwili mzima ndani kutoa tanki au kreti, swichi ya mlango peke yake haitoshi, panatakiwa pia kitu cha kuhisi kwamba kuna mtu ndani. Kama hakuna, anayeingia aingie na kufuli yake, swali lipo huko chini.

Usisahau na chini, pale bidhaa zinapodondokea. Kuna watu wanapitisha mkono kwa chini kuvuta bidhaa iliyokwama huku mlango umefungwa na mashine iko oto.

Krasha ina ubaya gani, si ni mashine ndogo tu?

Udogo wake ndo unaodanganya. Krasha wanapewa kibarua mgeni, wa siku ya kwanza, bila maelezo yoyote zaidi ya "tupia humu". Sasa beseni kubwa haliingii, linaruka ruka mdomoni, anasukuma na mkono. Au imejaa imekwama, anazima anafungua kichwa na kuingiza vidole kutoa. Rota ile ni nzito, ina visu na mara nyingi ina gurudumu la uzito pembeni, ukikata umeme inaendelea kuzunguka yenyewe, na kwenye kelele za kiwanda huisikii. Na hata ikiwa imesimama kabisa, ukitoa kile kipande kilichokwama rota inaweza kugeuka robo mzunguko kwa uzito wake tu, hiyo robo inatosha kukata vidole.

Mdomo wa krasha unatakiwa uwe mrefu kiasi kwamba mkono wa mtu mzima haufiki kwenye visu, na kichwa chake kiwe na swichi inayokataa mashine isiwake kikiwa wazi. Krasha nyingi za kuchomelea mtaani hazina hata kimoja. Cha haraka kabisa unachoweza kufanya leo ni kuweka kijiti cha mbao cha kusukumia, weka na mapazia ya mpira mdomoni, na kata mabeseni makubwa kwa msumeno kabla ya kuyaleta. Kubadilisha visu ni kazi ya fundi, rota ifungwe isigeuke kwanza.

Tuvae glovu?

Inategemea unafanya nini. Kutoa bidhaa ya moto, kusafisha nozo, kupaji (kusukuma plastiki ya zamani itoke), ndiyo, vaa za kuzuia joto na zile ndefu. Kwenye rola na kitu chochote kinachozunguka, hapana, glovu ikishikwa inavuta mkono wote. Hivyo hivyo pete, cheni, mikono mirefu ya shati, ncha za mtandio, na nywele ndefu za rasta zisizofungwa. Pete ndo inaudhi zaidi maana ikinasa inavua nyama ya kidole yote inabaki mfupa.

Plastiki ya moto imemrukia mtu, tuibandue?

Hapana, usiibandue. Plastiki ya ndoo inatoka kwenye nozo ikiwa na joto la nyuzi 200 na kitu, na inanata kama gundi, ukiivuta unavuta na ngozi. Weka maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida sio barafu, dakika 20 kamili hata kama analalamika, na wakati huo huo vua pete na saa kabla hajavimba. Plastiki ikishapoa iache hapo hapo ilipo, funika na kitambaa kisafi au ile nailoni ya kufunikia chakula, peleka hospitali. Dawa ya meno, asali, mayai, mafuta, unga wa ngano, vyote hivyo achana navyo, vinampa tu daktari kazi ya kuvitoa.

Na ili usifike huko, jua kwamba nozo inatema. Plastiki ikikaa sana kwenye bareli, lile bomba linaloiyeyusha, wakati mashine imesimama inaoza na kutengeneza gesi, ukija kupaji inatoka kwa kupasuka, na wakati mwingine inarudi juu kwa hopa, pale malighafi inapomiminwa. Simama pembeni, ngao ya uso iwe usoni sio kwenye paji la uso. PVC ukiipitisha joto inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Na PVC isikutane na asetali, ile ya gia na zipu, kwenye bareli moja, hizo mbili zikichanganyika zikiwa za moto zinaozana kwa kasi na bareli inaweza kutapika yote kwa nguvu. Mkibadilisha malighafi, pajini kwa polithini katikati.

Kidole kimekatika. Tufanye nini hapo hapo?

Bonyeza emejensi stopu kwanza, kile kitufe cha kuzima kwa dharura. Kama mkono bado umebanwa, usiwashe mashine ovyo ati "irudi nyuma", muite fundi anayeijua, maana kuna mashine ukiiwasha inarudi hom, yaani mahali pake pa kuanzia, kwa kufunga kwanza.

Akishatoka, bana kidonda kwa kitambaa kisafi kwa nguvu na uinue mkono juu ya kifua. Damu ikiwa inaruka na haisimami kwa kubana, hapo funga kwa kukaza juu ya kidonda na andika saa uliyofunga.

Kipande kilichokatika kitafutwe, mtu mmoja apewe kazi hiyo. Kisuuzwe tu kwa maji safi kama kina chenga, kisisuguliwe. Kizungushie kitambaa kisafi chenye unyevu, weka kwenye mfuko wa plastiki ufunge usiingize maji, halafu huo mfuko ndo uweke kwenye maji yenye barafu. Kipande kisiguse barafu moja kwa moja na kisizamishwe kwenye maji, vyote viwili vinaua nyama. Kidole hakina misuli kwahiyo kinavumilia, kama saa 12 bila baridi na hata 24 kikipozwa vizuri, ila mkono mzima ni kama saa 6 tu bila baridi. Mwaka 2018 madaktari wa hospitali ya Kenyatta Nairobi walirudishia mkono wa kijana wa miaka 17 uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kwahiyo inawezekana. Lakini niseme ukweli, kilichosagwa na moldi au krasha mara nyingi hakirudishiki maana mishipa imechanika chanika, bado kipelekeni, daktari ndo aamue.

Mgonjwa asipewe chai wala chakula njiani, atahitaji nusu kaputi. Kwa Dar hospitali nyingi mwishowe zitampa rufaa ya Muhimbili, kwa hiyo kama hali inaruhusu msipoteze masaa kwenye zahanati. Wakiuliza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mmoja aende polisi kuishughulikia huku mwingine anabaki na mgonjwa.

Oili ya presha imenitoboa kidogo tu, katundu kama ka sindano, hata haiumi. Niendelee?

Usiendelee, nenda hospitali SASA HIVI. Tairi ya bodaboda ina presha kama psi 30, haidroliki ya injekshen inaweza kupita psi 2,000, hosi ikiwa na kitundu oili inapenya ngozi kama sindano na kusambaa ndani ya mkono. Mwanzo haiumi sana na ndo mtego wake, masaa machache baadae mkono unavimba, nyama inaanza kufa. Inahitaji upasuaji wa haraka. Mwambie daktari wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliingia kwa presha, vinginevyo atakufungia plasta urudi nyumbani. Na hosi inayovuja haitafutwi kwa kidole, tumia kipande cha boksi.

Hiyo kufuli mnayoisema kila mara ni nini?

Ni kufuli ya kawaida kabisa, ya dukani. Kabla hujaingiza mwili wako kwenye mashine unazima swichi kuu, unaifunga na kufuli yako, ufunguo unaingia mfukoni kwako, unatundika kadi yenye jina. Halafu unaachia presha ya oili na upepo, unasubiri vinavyozunguka visimame, vya juu unaviwekea mhimili visishuke, mwisho unajaribu kuwasha kuhakikisha haiwaki. Hiyo ya mwisho ndo watu wanairuka, na ndo inayokuonesha kama umezima swichi ya mashine ya jirani. Mkiwa mafundi watatu, kufuli tatu. Kadi peke yake bila kufuli ni karatasi tu, nimeona kadi ya HATARI USIWASHE ikifutiwa mikono ya grisi.

Supavaiza ananilazimisha, nikikataa kesho siitwi

Najua, na sitakudanganya kwamba sheria itakusimamia pale getini asubuhi. Ila kuna namna ya kukataa. Usiseme "sifanyi", sema "bosi, swichi ya mlango wa namba nne haifanyi kazi, nimuite fundi?" mbele ya watu, na kama mna grupu la shifti liandike humo na picha, muda unabaki. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wanapokea malalamiko. Kenya sheria yao ya 2007 inasema mfanyakazi akiripoti hatari ya papo hapo haruhusiwi kurudishwa pale hadi hatari iondolewe, na sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama.

Mimi ni kibarua wa kulipwa kwa siku, sina mkataba. Nina haki ya fidia?

Tanzania ndiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umetokana na sheria ya 2008 na ulianza kazi 2015, anayechangia ni mwajiri peke yake, ukikatwa kwenye posho yako ati ni ya WCF umeibiwa. Mfuko unagharamia matibabu, ukiwa nyumbani huwezi kufanya kazi unalipwa asilimia 70 ya kipato, hadi miezi 24, na ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna malipo ya mkupuo kwa ulemavu mdogo na pensheni ya kila mwezi kwa mkubwa. Dai lifike ndani ya miezi 12.

Bosi akisema "tutamalizana wenyewe" na kukupa laki mbili na nauli, usisaini chochote. Kusanya ushahidi mapema, yaani picha ya mashine, majina ya mliokuwa nao shifti, meseji za malipo ya simu zinazoonesha anakulipa, na karatasi zote za hospitali. Hizo meseji zimeokoa vibarua wengi ambao kiwanda kilisema "huyu hatumjui".

Na Kenya?

Kuna WIBA, sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa mkurugenzi wa DOSHS (idara ya serikali ya usalama na afya kazini) ndani ya siku 7 tangu ajulishwe, na dai lako liwe ndani ya miezi 12. Ulemavu wa kudumu unapigwa hivi: mshahara wa miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Kwahiyo mshahara ni 20,000 na daktari kakupa asilimia 10, ni 192,000. Usipokubali uamuzi una siku 60 za kupinga kwa mkurugenzi, ndipo uende mahakama ya kazi. Tangu Mahakama ya Juu iamue Desemba 2019, huanzi mahakamani, unaanzia kwa mkurugenzi, kwahiyo wakili anayekwambia mkimbilie kesi moja kwa moja muulize vizuri.

Wanasema ni kosa langu, niliingiza mkono mwenyewe

Hilo wanalisema karibu kila mara. Fidia hizi hazisubiri kuthibitisha bosi alikosea. Kenya hata ukifanya ujeuri wa makusudi, bado ajali ikileta ulemavu mkubwa au kifo fidia ipo. Na swali la kurudisha ni hili: swichi ilifungwa na nani, lini, na nani aliipita kila siku bila kusema?

Niko Marekani, nimetoka Kongo, agency imenipeleka kiwanda cha plastiki na sielewi Kiingereza vizuri

Una haki ya kufundishwa kazi kwa lugha unayoielewa, sio kusainishwa karatasi tu. Sheria ya kufuli huko ni ya lazima. Mfanyakazi akikatika kiungo kiwanda kinatakiwa kuwaambia OSHA ya huko Marekani ndani ya saa 24, akifa ndani ya saa 8, na kukupitisha kwenye agency hakukiondolei kiwanda wajibu wa usalama wako. Fidia inaendeshwa na jimbo, kwahiyo taratibu za Kentucky sio za Texas.

Nina kiwanda kidogo, nataka kununua injekshen yuzdi. Niangalie nini?

Wengi wanaangalia skruu na tani. Wewe mwambie muuzaji aiwashe, iache ifunge moldi taratibu, fungua mlango katikati ya safari. Isimame hapo hapo. Rudia kwa mlango wa nyuma. Halafu angalia bawa la chuma lipo na linaanguka lenyewe, bonyeza kila emejensi stopu moja moja, angalia hosi kama zimetoa malengelenge, na fungua kabati ya umeme utafute waya za jampa, zile za kuruka swichi, rangi yake mara nyingi haifanani na wenzake. Kama mlango haukatishi safari, mwambie apunguze bei kwa gharama ya kutengeneza hiyo swichi na valvu, au ondoka.